Diwani Aliyeunga Mkono Hoja

Vigelegele vilimpokea Adelina hata kabla hajashuka kwenye pikipiki. Wanawake wa Mwasungho, kijiji cha mbele ya Goweko, walikuwa wamejipanga kando ya boma la zahanati, kuta nyekundu zisizo na paa. Tofali zile walizifyatua wenyewe, wakazichoma wenyewe, maji wakayabeba vichwani toka bondeni baada ya kazi za tumbaku. Ndivyo walivyokubaliana: wananchi wanyanyue kuta, halmashauri ipaue.

"Tumekusikia redioni, mheshimiwa," alisema Bibi Apolinaria, mkunga wao. "Mpaka kuku walinyamaza."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na kitenge kimekukaa, mwanangu."

Adelina akaukunja upindo wake kama anayetaka kukificha. Kitenge hicho ndicho kilichomponza.

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amemwomba awe wa kwanza kuunga mkono hoja ya bajeti siku ya baraza la madiwani. Heshima hiyo mwanamke hakuwahi kupewa. Akafanya mazoezi ya hotuba jikoni, mwiko mkononi. Kamati yake ya afya ilikuwa ikutane Ijumaa kupitia makadirio. Ukaja ujumbe kwamba itakaa Jumatano. Jumatano hiyo yeye alikuwa mjini Tabora kwa fundi cherehani, anapimwa mabega kwa ajili ya kitenge hicho. Akajisemea, si wenzangu wapo. Siku ya baraza akapewa kabrasha nene la bajeti, akaliweka chini ya mkoba, akasimama.

"Bajeti hii ina macho," alisema, "imewaona akina mama wa vijijini." Madiwani wakagonga meza.

Wakati wa chai ndipo Masolwa, diwani wa kata jirani, alipomsogelea na sambusa yake.

"Dada, una moyo wewe. Mimi wangenihamishia mabati nisingewaimbia."

"Mabati gani?"

"Ya zahanati yenu. Si yamekwenda kwenye uzio wa stendi? Kwenye kamati niliuliza. Nikajibiwa mwenye kata hayupo, basi ameridhia. Na leo umesimama wa kwanza, nikajua kweli umeridhia."

Adelina aliiacha chai ikapoa.

Na sasa hapa Mwasungho walikuwa wamemtengea kiti, ugali, na kuku mzima, firigisi imewekwa juu kabisa, ile anayopewa mgeni wa heshima. Akanawa mikono. Akaitazama ile firigisi. Akashindwa.

"Mama zangu, paa halipo," alisema. Akaeleza yote, la fundi pia, ingawa hilo angeweza kuliruka.

Koleta, mjamzito aliyekaribia kujifungua, alicheka kidogo bila furaha.

"Kwa hiyo sisi tulipiga makofi mbele ya redio huku tukinyang'anywa."

"Ndiyo."

"Na akina mama walioonwa na bajeti ni wa wapi?"

Adelina alisimama, na Koleta akakikalia kile kiti walichomtengea mgeni, wala hakuna aliyemkataza.

"Linarekebishika?" aliuliza Bibi Apolinaria.

"Makadirio hayajapelekwa mkoani. Theluthi ya madiwani wakitia sahihi, mwenyekiti ataitisha baraza maalumu. Lakini lazima atakayesimama awe mimi. Niseme niliunga mkono kitu nisichokisoma."

"Na redio ikiwepo?"

"Ikiwepo."

"Basi piga simu tukiwa hapa hapa."

Adelina akaitoa simu, akaweka sauti ya nje. Wanawake wakasogea karibu.

"Kaka Masolwa, naomba sahihi yako."

"Ya nini tena, dada?"

"Ya kuitisha baraza. Nataka kuyakana maneno yangu."

"Watakucheka mpaka uchaguzi. Si tuseme tu kwamba makabrasha yalichelewa? Kila mtu ataamini."

Njia ilikuwa nzuri, na ilikuwa imefunguliwa mbele yake kabisa. Adelina akainua macho. Bibi Apolinaria alikuwa anamwangalia, mikono nyuma.

"Hayakuchelewa," alisema kwenye simu. "Nilikuwa kwa fundi. Nitasema hivyo."