Vibati Vitatu Vyeusi

Mwenye gari alishasema mara tatu: hataki gari lake la zamani ling'ae kila mahali kama viatu vya bwana harusi. Alitaka weusi uleule lililotoka nao kiwandani: madigadi ya kung'aa, chesisi ya nusu mng'ao, na chini ya boneti weusi mkavu. Gerejini aliaminiwa mtu mmoja tu kutenganisha weusi huo, fundi waliyemwita Kioo. Na huu ulikuwa mwezi wa nne Kioo haoni.

Hakumwambia mtu, hata mkewe. Jicho la kulia lilishakwisha, la kushoto lilibaki na ukungu. Makopo aliyajua kwa nafasi zake rafuni. Siku watakayogundua, kazi basi, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Asubuhi hiyo shemeji yake, kaka wa mkewe ambaye ndiye mwenye gereji, alimpangia mezani vibati vitatu vya kujaribia rangi.

"Haya, shemeji. Kipi cha chesisi?"

Kioo alinyoosha vidole juu ya kibati cha kwanza, kama alivyofanya miaka arobaini. Kwenye weusi wa kung'aa mtu huona mpaka kucha zake. Kwenye nusu mng'ao huona kivuli cha vidole. Kwenye weusi mkavu haoni kitu. Akainama. Hakuona kitu. Cha pili, vilevile. Cha tatu akakipapasa kwa ukucha.

"Unakitomasa kama nyanya za sokoni."

"Rangi ina ngozi, bwana. Wewe kazi yako kupokea simu." Akasogeza cha katikati. "Chesisi hiki. Cha kwanza kinang'aa, cha mwisho kikavu."

Shemeji akavuta kiti, akaketi.

"Vyote nimevipuliza jana, kopo moja," alisema taratibu. "Vyote vinang'aa. Uso wako nauona humo."

"Umenitega."

"Wiki iliyopita mlango wa teksi uliupuliza rangi ya chesisi. Nikaurudia mwenyewe, nikanyamaza. Nilitaka niwe nimekosea."

Kioo alihangaika na fundo la aproni mpaka likafunguka.

"Atapuliza nani?"

"Mimi."

"Wewe mkono mzito. Rangi itachuruzika mpaka kwenye tairi."

"Najua, shemeji."

Kioo aliikunja aproni mara mbili, akaiweka juu ya vibati.

"Kwa dada yako twende wote. Uanze kusema wewe. Mimi leo asubuhi nimemsifia gauni, na sijui hata alivaa lipi."