Asilimia Sabini

Pale maktabani wanafunzi walimwita mkutubi Mjomba Chanzo, maana ukimwonyesha tovuti yoyote alikuuliza kwanza: nani kaandika, lini, na habari kaitoa wapi? Ole wako ujibu kwamba umeiona tu mtandaoni. Muuguzi mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya pili alimwamini kama ndugu wa damu. Kwake ndiko alikojifunza kuzipepeta tovuti, makapi huku, punje kule.

Siku hiyo msimamizi wa utafiti alimrudishia tasnifu yake, uso kaukunja.

"Umeandika kwamba wagonjwa thelathini na mmoja kati ya mia wanaacha dawa za presha. Tovuti tatu zinasema sabini. Nimwamini nani? Usiponieleza kufikia Ijumaa, hutahitimu."

Sabini! Idadi hiyo muuguzi aliibuni mwenyewe mwaka jana, kabla hajakanyaga wodini kuhesabu, ishike nafasi tu kwenye rasimu mpaka hesabu za kweli zipatikane.

Akaketi kwenye kompyuta. Tovuti ya tatu iliitaja ya pili, ya pili ikaitaja ya kwanza, na ya kwanza haikumtaja mtu. Ila sentensi zilikuwa zake mwenyewe, za rasimu ile, hata pale alipokuwa amerudia neno mara mbili. Na rasimu ile aliisoma mtu mmoja tu, aliyeombwa akague marejeo.

Alimkuta akipanga vitabu rafuni.

"Mjomba, tovuti ile ya kwanza ni yako?"

Mjomba Chanzo hakukana. "Wasomaji wanataka makala kila siku, mwanangu. Nitazitoa wapi? Nilidhani hesabu zako ni za kweli."

"Hukuniuliza!" Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kinauma hivi. "Basi mwandikie msimamizi wangu. Mistari miwili tu, kwamba ulichukua kwangu, na kwamba ilikuwa rasimu. Nikisema mimi peke yangu, ataona nabuni hesabu."

"Nikiandika, nitafukuzwa kazi."

"Na mimi je?"

Mjomba Chanzo alimtazama kwa huruma kabisa, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma muuguzi kuliko wizi wenyewe.

"Wewe bado kijana," akasema. "Utaandika tasnifu nyingine."

Kisha akamwomba asogee kidogo, apate kufikia rafu ya chini.