Ndege Wawili Mlingotini

"Wa kwanza na wa tatu!" Wifi yake Fundi aliruka mbele ya televisheni, mikono kichwani. "Wifi, wameshinda wawili! Wawili!"

Fundi hakuinua uso. Alikuwa akipinda ukingo wa bendera ya vigogo, nchi ile ambayo kila michezo ya mataifa inapofanyika hukomba medali kama inaokota embe chini. Bendera hii ilikuwa imepandishwa na kushushwa hadi ncha zikaanza kufumuka.

"Wawili wa wapi?"

"Wa kale kanchi ka bendera ya ndege! Kigogo katikati yao, kabanwa kama mkate!"

Cherehani ikanyamaza.

Juu yao uwanja mzima ulikuwa ukipiga miguu. Chumba cha bendera kilikuwa chini ya majukwaa, na watu wakishangilia vumbi lilidondoka hadi kwenye meza ya pasi. Karibu na mlango palikuwa na rafu ya vigogo, mabunda kwa mabunda, yamenyooshwa tayari. Iliyofuata ilikuwa ya wale wanaobahatisha. Chini kabisa, jirani na ndoo za kudekia, zilikaa nchi zinazokuja, zinazopita mbele ya watu siku ya ufunguzi, zikarudi nyumbani. Kila moja ya hizo ililetewa bendera mbili.

Na bendera ya pili ya nchi ya ndege haikuwa kwenye rafu. Kitambaa cha meza ya pasi kilipochakaa, Fundi mwenyewe ndiye aliyeinama, akachomoa bendera hiyo na kuitandika. "Hawa wataitumia lini?" alisema siku ile, na wote wawili wakacheka. Tangu hapo ndege wa buluu alilala chali pale mezani, akipokea joto la bendera za wenzake.

Sasa aliivuta. Kwenye sehemu nyeupe, chini ya bawa, palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, kubwa kama kiatu.

"Tumekwisha," wifi akanong'ona.

"Hatujakwisha. Shika huku."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa msimamizi wa sherehe za medali, waliyemwita Bwana Saa kwa jinsi alivyoishi akitazama mkono wake. "Ndege wawili, kigogo mmoja! Mabinti wameshaanza kuvaa... Hii ni nini?"

"Pasi."

"Naona ni pasi! Nauliza imekuwaje?"

"Niliitandika mezani. Kosa langu. Unagomba au unataka bendera?"

Bwana Saa alijifuta jasho. "Basi tupandishe moja. Wote ni wa nchi moja, watagawana."

"Watagawana?" Fundi alimgeukia. "Juzi vigogo walichukua nafasi zote tatu. Uliwapandishia ngapi?"

Bwana Saa akatazama saa yake.

"Tatu. Na nilizipiga pasi mimi. Huyu wa tatu leo alikimbia kwa miguu ya mwenzake?"

"Mama, nipe kitu cha kupandisha, basi!"

Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha. Fundi aliangalia kwenye kapu la vipande, akaona nyekundu na kijani tu. Kisha macho yake yakarudi kwenye cherehani, kwenye bendera ya vigogo na mstari wake mpana mweupe. Akaichomoa. Akachukua mkasi.

"Hapana!" Bwana Saa alinyoosha mikono. "Hiyo ni ya mabingwa!"

"Wana rafu nzima."

"Nikiulizwa?"

"Sema imechoka kwa kazi."

Mkasi ukapita. Wifi akafumba macho, akafumbua moja.

Bendera haina nyuma. Hutazamwa pande zote mbili. Ndiyo maana Fundi hakubandika kiraka juu ya doa. Alifumua bawa la ndege ukingoni, akalikata doa lote, akapitisha kitambaa kipya chini ya manyoya, akarudisha bawa juu yake. Kitambaa kilikuwa kinateleza kama samaki. Juu watu walipiga miguu tena, taa ikayumba, vumbi likamwingia Fundi machoni. Hakuachia.

"Taratibu, wifi," alisema mwenzake akiwa amekaza kitambaa kwa mikono miwili. "Taratibu. Jamani, haraka!"

"Chagua moja!"

"Kaka yangu alikuoaje na mdomo huu?"

"Aliona mikono kwanza. Geuza!"

Tarumbeta zililia uwanjani. Fundi alikata uzi kwa meno. Wifi akapitisha pasi kama anayemsugua mtoto mchanga, na Bwana Saa akaikunja bendera ikiwa bado na moto, akakimbia nayo, tai yake imepanda begani.

Walimfuata hadi mdomo wa njia ya kuingilia uwanjani. Bendera zikafungwa, zikaanza kupanda: ndege katikati, kigogo upande mmoja, ndege wa pili upande mwingine. Wifi alikuwa akirukaruka na kuwapungia mabinti jukwaani kana kwamba amewazaa yeye. Fundi hakuwatazama. Alitazama mshono. Upepo uliikamata bendera ya ndege wa pili, ukaivuta, ukaipiga kofi. Bawa lilijikunja, likanyooka. Likashika.

"Imeshika!" Alimfinya wifi mkono hadi akapiga yowe. "Umeona? Imeshika!"

Hapo ndipo alipomtazama yule wa tatu. Alikuwa binti mwembamba mwenye goti lililochubuka, akiimba wimbo wa taifa lake kinywa wazi, machozi yakimfika kidevuni. Uwanja mzima haukuwahi kuusikia wimbo ule. Bendi ilipofika mwisho, hakuna aliyejua kama ndio mwisho. Hakuna aliyekaa. Wapiga tarumbeta walibaki na tarumbeta midomoni. Mkimbiaji wa vigogo, mkono kifuani, alimwangalia binti kwa pembe ya jicho, akingojea aone atakachofanya. Binti, macho yake juu kwenye bendera, akavuta pumzi na kuanza ubeti mwingine.