Mti wa Watu Wawili

"Unapiga kama unachinja," Adérito alisema kutoka upande wa pili wa shina. "Taratibu. Utaujeruhi."

Belmiro alishusha shoka, akafuta jasho kwa mkono wa shati. Jua la Julai lilikuwa limeikalia Alentejo, kusini mwa Ureno, tangu asubuhi. Kubandua gome la mwaloni, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, ni kazi ya wawili: mmoja huku, mwingine kule, na mapigo yao sharti yaelewane. Ukipiga kwa woga, gome haliachii. Ukipiga kwa hasira, shoka linafika kwenye nyama ya mti, na kovu lake halifutiki.

Mwenzake Belmiro wa siku zote alikuwa ameanguka kwa joto, wakampeleka nyumbani. Bi Graciete, msimamizi, akamwelekezea kidole Adérito, aliyerudi kutoka Ufaransa majira ya baridi yaliyopita. "Nyie si mliwahi kufanya kazi pamoja? Haya, mti ule pale."

Waliwahi. Waliwahi pia kupendana, kwa siri, katika kibanda cha zana nyuma ya zizi la nguruwe, hadi jioni ile kilabuni Zeferino, mbandua gome mwenzao, alipouliza mbele ya watu, "Belmiro, mkeo Adérito hajambo?" Watu wakacheka. Belmiro akacheka kuwapita wote. "Yule? Hata kwa koleo simgusi!" Adérito alikuwa amesimama mlangoni. Kabla wiki haijaisha, alikuwa ameshaondoka kwenda Ufaransa.

Sasa nywele zao zote zilikuwa na mvi, na walibandua gome bila kutazamana.

"Nilisikia mwenzako wa kule Ufaransa alifariki," Belmiro alisema mwishowe.

"Lucien." Shoka likatua. "Ndugu zake walinifungia geti la makaburini. Nilimzika nikiwa barabarani, nimeshika nondo za geti kama mwizi."

Belmiro alivuta gome la upande wake, akalilaza chini.

"Na wewe hukuoa," Adérito alisema.

"Ningemuoa nani, Adérito?"

Mchana kikosi kilikaa kivulini, kila mtu na bakuli lake la supu baridi ya nyanya na mkate. Adérito alijitenga, chini ya mti wake peke yake, kama alivyozoea tangu arudi. Zeferino, meno yamebaki machache lakini ulimi mzima, akatazama huku na huku.

"Jamani, maharusi wamerudiana! Mbona hatujaalikwa?"

Vijiko vilisimama. Wote walimgeukia Belmiro, wakingoja kicheko chake.

Hakikuja. Si kwamba ushujaa ulimpanda; alikuwa amechoka tu. Miaka yote hiyo alikuwa akilala na kicheko chake mwenyewe masikioni, na leo hakuwa na pumzi ya kingine. Akanyanyuka na bakuli lake, akavuka uwazi wa jua, akasimama mbele ya Adérito.

"Ndiyo, Zeferino," alisema bila kugeuka. "Akinikubali."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikohoa.

"Kula, Zeferino," alisema Bi Graciete. "Supu yako inapata moto."

Adérito aliweka kijiko bakulini.

"Umechelewa."

"Najua."

"Mimi sina nguvu ya kukimbia tena. Wala ya kukimbiwa."

"Na mimi nitakimbilia wapi, na mgongo huu?"

Adérito karibu acheke. Kisha akaondoa kofia yake majanini. "Kaa basi, usisimame juani kama mjinga."

Walikula pamoja. Alasiri wakabandua miti mingine, wakisemezana kwa maneno machache: shikilia, vuta, pole.

Jua lilipolegea, walipanda tela la trekta pamoja na wengine, wakakaa juu ya shehena ya magome. Kabla ya kufika lami, Adérito alikuwa amesinzia. Kichwa chake kiliyumba, kikatua kwenye bega la Belmiro.

Trekta ikaingia kijijini. Wanawake walikuwa wameshatoa viti vibarazani, na wanaume waliegemea kuta zilizopakwa chokaa, wakitazama. Belmiro aliona macho yao yote. Barabara ikawa na mashimo. Akaweka mkono nyuma ya Adérito, akamzuia asitikisike.

"Bado mbali?" Adérito aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Bado," Belmiro alisema. "Lala."