Jina la Mama Mgongoni

Fomu ya msafara ilikuwa na mistari miwili: unaendesha kwa ajili ya nani, na aliumwa nini. Watu wengi walijaza jina tu. Mimi nilijaza yote mawili kwa herufi kubwa, na waliochapa fulana hawakuniuliza mara mbili. Basi Jumamosi asubuhi niliondoka Tanga mjini mgongo wangu ukisomeka hivi: ZUWENA SABIRI, SARATANI YA SHINGO YA KIZAZI.

Ni mama yangu. Amezikwa Moa, na siku ya kwanza msafara ulikuwa unaishia Moa.

Tulikuwa watu arobaini na wawili, tunachangisha fedha za utafiti wa saratani. Daktari aliyetuaga alisema wanataka kujua kwa nini wanawake wa pwani wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Mimi ningempa jibu bure, lakini hakuniuliza.

Wageni wa Arusha walikuja na baiskeli nyepesi za kuinua kwa vidole viwili. Wakaitazama yangu, ya chuma, nyeusi, yenye kapu mbele ambalo kila asubuhi nasambazia mikate ya kumimina mitaa ya Mabawa. Mmoja akauliza kama nitafika. Nikamwambia wanawake wa Tanga tumelelewa juu ya baiskeli, yeye aangalie pumzi zake. Tulipofika Mabokweni alikuwa nyuma yangu, nami nilifurahi, sisemi uongo.

Hapo Mabokweni, nikinywa maji, simu ikaita. Alikuwa kaka yangu Kombo, mkubwa wangu, anayeishi Moa. Kuna mtu alikuwa amemtumia picha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Samiha, hiyo fulana umevaa ya nini?"

"Ya msafara."

"Ivue kabla hujaingia huku. Watu wa Moa wanajua mamaetu alikufa kwa presha."

"Wanajua hivyo kwa kuwa tuliwadanganya."

"Hafsa anaolewa mwezi ujao. Wakweze wakisoma mahali penyewe ulipopataja, watasema bibi yake alikuwa mwanamke wa namna gani? Mwanangu una nini naye?"

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia simu kaka yangu.

Mama alitoka damu mwaka mmoja na nusu, na hedhi alishakoma zamani. Kanga zake aliziloweka mwenyewe na kuzianika ndani, nyuma ya mlango. Nilipogundua, akaniapisha nisiseme. Tukamtafutia kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Sisemi kombe ni baya, hata mimi nakunywa. Lakini shehe aliyeliandika tulimwambia ni tumbo, kwa hiyo hata dua tuliielekeza pasipouma. Miezi saba tulimsomesha mtu wa Mungu juu ya ugonjwa ambao mama hakuwa nao. Hospitali tulifika amebaki mifupa.

Na siku ya msiba, aliyesimama mlangoni kwa wanawake akiulizwa mama alikuwa na nini, nilikuwa mimi. Presha, nikasema. Wakanipa pole, na kila pole niliijibu kwa uongo uleule. Hilo halinitoki.

Baada ya Mabokweni jua likawa kali na upepo ukatupiga usoni. Niliendesha sambamba na Praxeda, mwalimu kutoka Maramba, ambaye mumewe alikufa kwa saratani ya koo. Alikuwa amenisikia kwenye simu.

"Nina sweta kwenye mkoba," akasema. "Ukitaka."

"Sitaki."

"Basi kanyaga, mama. Tusizubae."

Nikakanyaga. Magoti yaliuma, mapaja yaliwaka, na kila kilima nilikipanda kwa hasira. Nilikasirikia Moa nzima. Nilimkasirikia mama pia, Mungu anisamehe, kwa aibu yake iliyomla kabla ya ugonjwa kummaliza.

Kwenye njia panda ya kuingilia Moa nikamwona Kombo amesimama na bodaboda yake katikati ya njia, kanga imekunjwa begani. Nikashuka. Nikamwamkia tena, akaitikia tena. Adabu hatukuiacha, ugomvi ndio ulikuwa unasubiri.

"Jitande hii," akasema, akinyoosha kanga. "Hapa Moa tu. Sikukatazi kuendesha."

"Sijitandi."

"Nakuomba, Samiha. Sikuamrishi, nakuomba."

Hapo nusura nishindwe, kwa sababu Kombo haombi mtu. Nikamwangalia vizuri, amekonda na wasiwasi wa harusi.

"Kaka, wewe ulibeba jeneza," nikasema. "Mimi nilifua kanga zake. Huwezi kuniambia hapa nisemeje."

Nikampita. Nikasikia bodaboda inawashwa, nikadhani ataniziba mbele. Kumbe alikuja nyuma yangu, karibu kabisa, tairi lake nusura liguse langu, ili mtu wa nyuma asisome. Tukaingia Moa hivyo, mimi naendesha na kaka yangu kanifunika kwa pikipiki. Praxeda alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, nilihama upande huu na upande ule, naye akahama.

Lakini uwanja wa shule ni mpana, na nilipoteremka hakuwa na la kufanya. Wanawake walikuwa wametuandalia madafu. Nikawapa mgongo makusudi na kusimama. Minong'ono ikaanza, kisha ikakatika.

Aliyekuja alikuwa Asmahani, mke wa Kombo. Akanifuata kwa nyuma, nikahisi kidole chake kinapita juu ya herufi moja moja, polepole, mpaka mwisho.

"Wifi," akasema. "Kwani mama alianza vipi?"

Kombo akamwita. Hakugeuka.

"Alianza kwa damu," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Kidogo kidogo, na siku zake zilishakoma zamani. Baadaye maumivu ya kiuno, na harufu. Alificha mwaka na nusu."

Mikono ya Asmahani ilikuwa imeshika dafu, na maji yalikuwa yanamwagika juu ya miguu yake bila yeye kuona.

"Mimi hiyo damu inanitoka mwezi wa nne huu," akasema.

Uwanja mzima ulisikia. Kombo alikuja mpaka alipo mkewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa jina gani?" Asmahani akamwuliza. "Nyumbani kwako ugonjwa huu hauna jina."

Watu walikuwa wanamtazama kaka yangu, wakweze Hafsa wakiwamo, naye hakuwatazama hata mmoja. Akanigeukia mimi.

"Jumatatu hospitali inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili," nikamwambia. "Huenda si kitu, kaka, huenda ni dawa tu. Lakini pale dirishani mkiulizwa anaumwa nini, utajibu wewe, na watu wote kwenye foleni wasikie."