Nyumba ya Samaki wa Ochola

Jumamosi moja ya Machi, mwaka wa elfu mbili, Kaveke alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni akichambua maharagwe wakati mwajiri wake, Ochola, alipoingia getini na mfuko wa plastiki uliojaa maji. Ndani ya mfuko mlikuwa na samaki watatu wa rangi ya chungwa, wale wa kutazamwa. Mkubwa wa Ochola kazini alikuwa amehama nchi na kugawa vitu vyake. Mmoja alipewa kochi, mwingine friji, Ochola akapewa samaki.

"Kaveke, lete besheni."

"Ile ya nguo ama ile ya vyombo?"

"Ile safi."

Kaveke alileta ile anayoogea yeye, kwa sababu ndiyo ilikuwa safi.

Ochola alifanya kazi katika ofisi moja huko Kajiado, ofisi ya kupima nyumba za serikali. Kazi yake ilikuwa kuingia chumbani na futi ya chuma, kupima urefu na upana, na kuandika kwenye fomu kwamba chumba hiki kinafaa watu wangapi. Alikuwa ameifanya miaka kumi na tano na hakuweza tena kuona ukuta akauacha hivyo. Alichuchumaa, akapima besheni, akafungua kijitabu kilichokuja na samaki.

"Hii haifai," alisema. "Samaki akiwekwa mahali padogo anadumaa. Mwili unakataa kukua, matumbo yanaendelea. Huo ni ukatili."

"Ni kweli," Kaveke alisema.

Kaveke alilala stoo, kati ya gunia la makaa na gunia la mahindi. Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano alikunja miguu kushoto, siku zilizobaki akaikunja kulia, ili nyonga zisichakae upande mmoja. Alikuwa ameahidiwa chumba cha nyuma. Mama Dolphine, mke wa Ochola, alimwambia hivyo siku ya kumwandika: kikishapigwa plasta, Anti, ni chako. Miaka miwili ilikuwa imepita. Kaveke alikuwa na binti wa miaka saba, Nthambi, aliyelelewa na nyanya yake huko Kathonzweni. Alikitaka chumba kwa sababu chumba chenye mlango kinaweza kupokea mtoto. Hakutaka kingine. Kikombe cha pili alikuwa ameshanunua.

Mwezi wa Mei plasta ilipigwa. Kaveke mwenyewe alibeba mchanga. Ilipokauka, Ochola aling'oa mlango, na mahali pake akaweka kioo kinene kinachofika kifuani, akaziba kingo kwa lami.

"Lakini Baba Dolphine," mkewe alisema, "si tulimwambia Anti?"

"Anti ako na mahali. Samaki hawana."

Mama Dolphine alitazama besheni, akatazama mlango wa stoo. Alikuwa mwalimu, akarudi kusahihisha madaftari.

Maji yakatafutwa. Maji ya kisima ya Kitengela, walikoishi, yana chumvi na yanageuza meno rangi ya chai. Kijitabu kilisema hayafai samaki, basi yakaachiwa Kaveke. Ya samaki yalitoka kwenye bomba la mbali, na aliyeyaleta ni Lesiamon wa Kisaju. Mwaka huo ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wake wote arobaini, akabaki na punda wanne na mkokoteni. Alileta maji siku tisa.

"Yeyo," alimuuliza Kaveke siku ya nne, akimwita mama kwa Kimaasai, "maji yote haya ni ya harusi?"

"Ni ya samaki."

Lesiamon alifikiri.

"Wanakamuliwa?"

"Hawakamuliwi."

"Wanachinjwa?"

"Wanatazamwa."

Lesiamon aligeuza punda. "Wangu pia walikuwa wanapendeza kutazamwa," alisema, akaenda kuleta safari nyingine.

Samaki walihamia siku ya kumi. Ochola alijaza fomu. Wakaaji: watatu. Chumba: kinafaa. Akaibandika juu ya kioo.

Mwezi wa Juni mgao wa stima ukaanza nchi nzima, kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka. Kitengela stima ilipotea saa kumi na mbili asubuhi ikarudi saa kumi na mbili jioni. Pampu iliyowapa samaki hewa ikanyamaza. Siku ya pili mmoja alianza kuogelea kwa ubavu. Ochola alikata kipande cha mpira wa kumwagilia sukuma wiki, akamkalisha Kaveke kwenye kigoda mbele ya kioo, akamwonyesha.

"Weka huu mwisho ndani ya maji. Huu mwingine mdomoni. Puliza polepole, kama unapoza uji wa mtoto."

Kaveke akapuliza. Alipuliza baada ya vyombo vya asubuhi hadi saa ya kupika, akapika, akarudi kupuliza. Kufikia Agosti maji yale yalikuwa pumzi ya Kaveke kuliko yalivyokuwa maji. Akila kitunguu, samaki walihamia pembe ya mbali. Akiwaza wimbo wa kanisani, povu la kesho yake lilipanda kwa mdundo uleule, ubeti wa kwanza na kiitikio. Mama Dolphine aliona jambo hilo linasaidia. Alikuwa akipita pale akinusa maji, anajua kama sukari imeonjwa.

Septemba nyanya wa Kathonzweni, susu wa Nthambi, akafa. Kaveke aliomba siku nne.

"Pole sana," Ochola alisema. "Na nani atapuliza?"

Alipewa siku mbili. Alizika siku ya kwanza, na ya pili akarudi na Nthambi na kuku mmoja. Aliwakuta Ochola na mkewe wamekaa kwenye kigoda kwa zamu, macho mekundu, na samaki watatu wanaogelea kwa ubavu. Aliweka mtoto chini, akachukua mpira.

"Anti," Mama Dolphine alisema wakati samaki walipoanza kusimama sawa, "huyu mtoto anarudi lini?"

"Kule hakuna mtu, Mama Dolphine. Susu wake ndiye alikuwa watu wote."

"Lakini tulikubaliana. Mtoto hakai ndani ya nyumba."

Ochola alikwenda stoo na futi yake. Kaveke alisimama ndani ameshika mto wake ili asimzuie.

"Saba kwa nne, hakuna dirisha," Ochola alisema. "Kwa kanuni, hapa hawezi kukaa mtu hata mmoja."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo wawili haiwezekani."

"Ndiyo."

Hakuwa na ubaya. Alimpa hadi Jumapili jioni amtoe mtoto. Kaveke akatuma ujumbe kwa kaka yake Musau huko Illasit, anayelima vitunguu, mwenye watoto saba na chumba kimoja. Musau alijibu haraka. Alisema salamu zimefika.

Jumamosi baada ya chai Kaveke alikaa kwenye kigoda chake, Nthambi kando yake. Mtoto alitazama povu muda mrefu. Kisha akavua viatu, akavipanga, akapanda juu ya kioo na kuingia majini kama mtu anayeingia chini ya blanketi. Alikwenda hadi chini kabisa, akajilaza kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Kaveke aliendelea kupuliza. Angeacha, samaki wangelala.

Baada ya saa nzima Nthambi alipanda juu.

"Mwaitu, huku ndani kuna wewe."

"Kuna mimi wapi?"

"Kote. Ni kama ukinibeba mgongoni."

"Sawa. Usikanyage samaki."

Mtoto akarudi chini. Jumapili jioni ilipofika, alikuwa bado huko. Mama Dolphine alimwita mumewe aje aone.

"Mapatano yalikuwa mtoto asikae ndani ya nyumba," Ochola alisema baada ya kutazama. "Hayakusema kitu juu ya maji."

"Na akikohoa?"

"Anakohoa kitu gani? Maji ni safi."

Alipima kina, akagawanya, akarudia kugawanya. Samaki watatu na mtoto mmoja wa miaka saba walitosha, na nafasi kidogo ikabaki. Aliandika fomu mpya. Wakaaji: wanne. Chumba: kinafaa. Akaongeza chini kwamba mkaaji wa nne atasugua utelezi wa kijani kwenye kuta kila Ijumaa na hataonja chakula cha wenzake.

Basi Kaveke akawa na mtoto wake nyumbani. Alimwona siku nzima kupitia kioo. Alimlisha ukingoni, ugali mgumu, kwa sababu mlaini uliyeyuka na githeri ilizama. Kumsuka alimsuka Jumapili mchana, kichwa nje, mwili ndani. Mwanzoni mtoto alikwenda shule asubuhi na wenzake, lakini kila wiki midomo ilipasuka kwa ukavu mapema zaidi, na siku aliyoanguka kabla ya mapumziko ya saa nne, Mwalimu Nakhumicha alisema asome kutoka hukohuko. Dolphine, mtoto wa Ochola, alimletea vitabu. Penseli inaandika vizuri ndani ya maji, kalamu ndiyo haiwezi. Dolphine akamletea pia hesabu zake mwenyewe, na muhula huo Dolphine akawa nambari tatu kutoka nambari ishirini na nane. Mama Dolphine alinunua keki. Nthambi alipewa kipande, kikayeyuka.

Mvua ikanyesha, stima ikarudi ya siku nzima. Ochola aliwasha pampu. Samaki walifurahia. Lakini hewa ya pampu haikuwa na mtu ndani yake, na siku ya tatu Nthambi alikuwa akielea kwa ubavu, macho wazi. Kaveke aliacha chapati kwenye kikaango, akang'oa waya ukutani bila kumuuliza mtu, akapuliza hadi giza likaingia. Chapati ziliungua zote. Mtoto alikaa, akapiga chafya ndani ya maji, akaomba chai.

Ochola alisikia habari, hakukasirika. Alikaa na karatasi. Pampu inakula stima, aliona, na Kaveke hali stima. Jumapili iliyofuata pampu ilitolewa kanisani kama sadaka. Kaveke akaacha kwenda kanisani, kwa sababu hakukuwa na wa kumshikia mpira.

Wageni walikuja. Mchungaji alikuja kushukuru kwa ajili ya pampu, akainama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Wamenona," alisema. "Na yule wa nne?"

"Huyo ni wa Anti," Mama Dolphine alisema. "Mchungaji, chai yako ni ya maziwa ama ya rangi?"

"Ya maziwa."

Miaka ikaenda hivyo. Samaki walifika urefu wa kiganja. Nthambi alifika miaka kumi. Ngozi yake iling'aa, meno yalikuwa meupe, kwa sababu aliyanywa yale maji matamu. Meno ya Kaveke yalikuwa rangi ya chai. Stoo iliongezwa gunia la pili la makaa.

Mwaka wa elfu mbili na tatu Ochola alipewa nyumba ya serikali Kajiado kwenyewe, karibu na ofisi. Wikendi tatu mfululizo alitangulia na futi yake. Alichimba kidimbwi uani, kumi na mbili kwa kumi, akakipaka saruji, akakijaza maji wiki mbili kabla ili yatulie, akatandaza wavu juu kwa ajili ya ndege. Nyumba ile ilikuwa na chumba cha nyuma pia, chenye mlango na dirisha. Kilikuwa kizuri. Kiliwekwa jenereta.

Siku ya kuhama lori lilikuja. Samaki na Nthambi waliwekwa kwenye tangi jeusi katikati ya mzigo, viti vikiwazunguka wasisogee. Kaveke alikaa juu ya magodoro na mpira mdomoni. Familia ilitangulia kwa gari dogo. Kupita Kisaju, Lesiamon alikuwa kando ya barabara na punda wawili. Alimwona, akainua fimbo. Kaveke aliinua mkono, akaendelea kupuliza.

Mbele kidogo polisi wakasimamisha lori.

"Mmebeba nini?"

"Vyombo," dereva alisema. "Na samaki."

Polisi alipanda, akamulika ndani ya tangi. Nthambi alimwamkia kutoka chini, povu likapanda. Polisi aliitikia. Alimtazama Kaveke na mpira wake, akateremka, akamwambia dereva taa moja ya nyuma haiwaki.

Kajiado walifika saa tisa. Ochola mwenyewe aliwahamisha samaki kwa sufuria, mmoja mmoja, akiwaachia dakika chache wazoee baridi ya maji. Kaveke alimhamisha Nthambi kwa mikono. Alikuwa mzito sasa. Ilikuwa mara ya kwanza kumbeba tangu Kathonzweni, hatua kumi na nne, halafu maji yakampokea.

Mama Dolphine alimwita. Alimpeleka kwenye ujia ulio kati ya jikoni na choo, mahali watu wanapopita.

"Kwa sasa, Anti. Tutaona."

Kaveke aliweka sanduku lake na vikombe viwili. Ochola alikuwa akipima sebule. Ujia hakuupima, na hakuna aliyemwomba aupime.

Kigoda kilikuwa kimeshawekwa kando ya kidimbwi. Kaveke alikaa, akatumbukiza mpira. Nthambi alizunguka pembe zote nne kuzijua, samaki nyuma yake, kisha akatoa kichwa chini ya wavu.

"Hapa ni pakubwa, Mwaitu."

Kaveke akatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe umepewa wapi?"

Kaveke alitoa mpira mdomoni.

"Hapa karibu," alisema, akaurudisha.