Waya wa Kushoto

Swafiya binti Sefu alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo. Hadi mwaka ule wa 1978 hakuwahi kushona kitu cha kuning'inia juu kuliko pazia. Ndipo Rutayisire, mfanyabiashara aliyenunua mashua ya safari za Ziwa Kivu, akampa kazi ya kushona matanga yake. Mashua ilikuwa juu ya magogo, katika uwanja wa gereji moja Gikondo, mlingoti wake umeshikwa na nyaya za chuma kila upande.

Asubuhi ya Jumatano Swafiya alikalia ubao, makanika Nsabimana akamvuta kwa kamba mpaka kileleni na kuifunga kamba chini, ili apime urefu wa tanga mwenyewe.

Rutayisire alikuwa na haraka. Aliona mlingoti umeinama kulia, akachukua spana, akaanza kukaza waya wa kushoto.

"Bosi, ngoja kwanza ashuke," Nsabimana alisema.

"Nanyoosha tu."

Mlingoti ukalia. Swafiya akasikia *ti!* karibu na sikio. Uzi mmoja wa chuma ulikuwa umechomoka kwenye waya. Ukafuata wa pili. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba uzi mmoja ukikatika, mzigo wote huzielemea zilizobaki.

"Acha kukaza! Waya iko nakatika!"

"Ni woga, mama. Huku chini iko nzima." Rutayisire akazungusha tena.

*Ti!*

Swafiya alimwita makanika. "Nsabimana, usinishushe bado! Chukua ile kamba ya tanga inayoning'inia toka huku juu, funga kushoto, vuta kabisa. Halafu legeza kulia!"

Nsabimana alimpokonya tajiri wake spana. Hakuomba ruhusa. Alifunga kamba, akaivuta kwa uzito wa mwili wote, akalegeza waya wa kulia, kisha akamshusha Swafiya polepole, huku nyuzi zikiendelea kukatika moja moja.

Alikuwa ameshuka, ameshika ukuta wa gereji, waya ulipokatika. Ulichapa hewani, ukapasua dirisha na kuchana bega la koti la Rutayisire. Mlingoti ukayumba, lakini kamba ikauzuia.

Rutayisire alikaa chini kwenye mavumbi. "Nisamehe, dada," alisema, wafanyakazi wote wakisikia.

Swafiya alikunywa maji kwanza. "Badilisha nyaya zote. Na mtu akiwa juu, anayeamuru ni yeye."

Nyaya mpya zilifika baada ya wiki tatu. Alipanda tena, akapima urefu wa tanga: mita saba na robo.